Mtani Aliyekataa Kutoka Kaburini

Ngano hiyoo!
— Ije!
Ije na miguu au ije na mbawa?
— Ije mbio!
Ikifika mtaipa nini?
— Masikio!
Mawili mawili?
— Mawili mawili!

Basi pukuchueni mahindi yenu. Mikono ifanye kazi, masikio nipeni mimi. Na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sisimami.

Ilikuwa zamani, siku ambazo mababu wa babu zetu walikuwa hawajaota meno. Palikuwa na nchi iitwayo Ugombera, na nchi ile ilikuwa na njaa. Watu wake walishiba, ng'ombe wake walishiba, lakini nchi yenyewe haikushiba. Ilimeza bonde hili, ikataka lile. Ilimeza kilima hiki, ikatazama kile. Kila mwaka mpaka wake ulisogea, na kila uliposogea, kabila jingine liliamka asubuhi likaambiwa, "Hongereni! Sasa ninyi ni wetu."

Waliulizwa?
— Hawakuulizwa!
Hawakuulizwa, jamani.

Mwenye nchi hiyo alikuwa Mtemi Lubinza. Sasa msifikiri Lubinza alikuwa mtemi wa kuchoma nyumba na kukata watu. Kuchoma alichoma babu yake. Huyu alikuwa na akili. Akilimeza kabila, aliwaachia mkuu wao. Aliwaachia lugha yao. Aliwaachia Mungu wao. Wapogwa, warina asali, waliomba wakielekea jua. Waache waombe. Warungi, wafua vyuma, hawakugusa nyama mwezi ukiandama. Waache wafunge. Na Wandimbo, wafinyanzi wa vyungu, kabila dogo kuliko yote, wao waliomba penye chemchemi. Waache. Mtemi hakumkataza mtu.

Alichukua kitu kimoja tu. Ngoma.

Kila kabila lilikuwa na ngoma kuu moja, ile isiyopigwa harusini wala pombeni. Warungi hawakuweza kuwasha tanuru jipya bila ngoma yao. Wapogwa hawakuweza kuombea mizinga yao bila ngoma yao. Na Wandimbo, ambao ngano hii ni yao, hawakuweza kumpa mtoto jina. Kwao mtoto anawekwa miguuni pa ngoma, ngoma inapigwa, shangazi anatamka jina mara tatu. Bila ngoma hakuna jina. Na mtoto akifa bila jina, hatandikiwi mkeka wa msiba, halii mtu, hatajwi tena. Inakuwa kama mama yake alibeba mimba ya upepo.

Basi Mtemi akajenga nyumba ikulu kwake, akaiita Nyumba ya Ngoma. Kuta za mawe. Dirisha hakuna. Mlango mmoja wa mninga mwekundu, mzito, wa kubebwa na wanaume wanne. Ndani akazipanga ngoma kumi na tisa za makabila kumi na tisa. Nje akaweka walinzi, akawaambia, "Lindeni mlango huu. Atakayeufungua bila idhini yangu, kichwa chake kibaki hapa."

Kabila likitaka kuomba, lije ikulu lipige hodi. Litapewa ngoma yake asubuhi, liirudishe jioni. Lakini likinung'unika kidogo tu, likichelewesha kazi ya Mtemi siku mbili tatu, linaambiwa, "Njooni mwakani."

Mmeuona ujanja wake? Nyumba moja, mlango mmoja, walinzi wawili, na makabila kumi na tisa yanatembea kwa adabu.

Sasa pale kwa Wandimbo palikuwa na mwanamke anaitwa Mkejina. Mfinyanzi hodari, mjane, na mdomo wake, ee mama, mdomo wake ulikuwa haulali. Alikuwa na binti mmoja wa miaka mitatu. Binti huyo anaitwa nani?

Haitwi.

Alizaliwa mwaka ambao Wandimbo waliambiwa "njooni mwakani", kwa sababu vyungu vyao vya kazi ya Mtemi vilipasuka njiani. Mwaka uliofuata wakaambiwa "njooni mwakani". Na uliofuata, vilevile. Mtoto akatambaa bila jina. Akasimama bila jina. Akaanza kusema bila jina. Mama yake alimwita "Wewe". Wewe njoo ule. Wewe shuka huko. Mtoto mwenyewe ukimuuliza, "Unaitwa nani?" anajibu kwa furaha, "Wewe!" Watu wanacheka, Mkejina anacheka nao, kisha anaingia ndani kukamua machozi.

Mwaka ule homa ikaingia bondeni. Wewe akaugua. Akapona, akaugua tena. Mkejina akamtazama mwanawe alivyokonda shingo, akasema, "Hapana. Huyu hatakufa akiwa upepo." Akamwacha kwa shangazi yake, akashika njia ya ikulu.

Siku tatu za kutembea. Akafika, akapiga hodi.

"Hodi!"

Akatoka waziri, jina lake Kasanda, mwembamba, kofia ya manyoya ya mbuni kichwani. "Nani?"

"Mkejina wa Wandimbo. Nimekuja kuomba ngoma yetu. Siku moja tu."

"Vyungu?"

"Vimeshaletwa."

"Basi rudi baada ya mavuno."

Akarudi siku tatu. Mavuno yakapita. Akaja tena siku tatu.

"Hodi!"

Safari hii Kasanda akamkaribisha kivulini, akampa na maji. Sauti laini. "Mama Mkejina, ngoma utapewa. Kesho asubuhi utapewa. Ila ninyi mnapakana na Warungi. Hebu niambie, wakikaa kwenye matanuru yao wanamsema nini Mtemi? Nani anasema sana? Nitajie watu wawili tu."

Mkejina akayashusha yale maji. "Warungi? Wanasema majembe yameadimika."

"Mengine?"

"Wanasema mvua."

"Mama, fikiria vizuri. Wapogwa walinitajia watu wenu. Ngoma yao walipewa kesho yake."

Jamani, moyo wa Mkejina ulimwuma. Kumbe ndiyo maana Wandimbo waliambiwa "njooni mwakani" kila mwaka! Wapogwa wanawasema Wandimbo, Warungi wanawasema Wapogwa, kila mmoja ananunua siku yake moja kwa ulimi. Na yeye angeweza kusema. Majina mawili tu, Wewe apate moja. Mwisho akasimama.

"Waziri, mimi kazi yangu ni udongo. Majina ya watu sina, hata mwanangu hana." Akaondoka.

Safari ya tatu hakwenda kwa waziri. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Mtemi, mchana kweupe, wageni wamejaa. Na aliingia kwa haki, sikieni haki yenyewe.

Zamani Ugombera na Wandimbo walipigana. Wakaumizana, wakachoka, wakapatana. Na watu waliopigana kisha wakapatana, kwetu wanakuwa nini?
— Watani!
Watani! Babu yake Mtemi alikubali utani na makabila yote kumi na tisa, maana aliona ni kitu cha bure. Mtani anakucheka mbele za watu, hukasiriki. Mtani anakuvua kofia, hudai. Na mtani, hapa ndipo pa kushika, mtani ndiye anakuosha ukifa, ndiye anachimba kaburi lako. Ndugu zako wanalia, mtani anafanya kazi.

Basi Mkejina akaingia barazani. "Mtemi mtani wangu! Hiyo miguu ni yako au umeazima kwa korongo? Nchi yote hii umemeza, nyama inakwenda wapi?"

Wageni wakaziba midomo. Lakini pembeni ya Mtemi, juu ya kigoda chenye ngozi ya chui, alikaa mama yake mzazi, Bibi Nshoma, mzee wa mvi tupu, aliyependa utani kuliko asali. Yule bibi alicheka! Alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka ugoro ukamwagika.

"Mtani!" akasema Bibi Nshoma. "Niliyazaa mwenyewe magoti hayo, yalinitoboa!"

Baraza likapasuka kwa kicheko. Mtemi Lubinza uso ukamwiva. Mbele ya wageni! Mbele ya wakuu wa nchi alizokuwa anapanga kuzimeza mwaka ujao!

Akasimama, akapaza sauti. "Basi! Kuanzia leo utani umekwisha Ugombera. Hakuna Mpogwa, hakuna Mrungi, hakuna Mndimbo. Nyote ni ndugu zangu, tumbo moja, damu moja. Na ndugu wa tumbo moja hawataniani!"

Kasanda akapiga makofi. Wageni wakapiga makofi. Neno tamu lile, au siyo? Nyote ni ndugu zangu! Mkejina akauliza, "Na ngoma, ndugu yangu? Tunarudishiwa?"

"Ndugu mdogo haulizi vitu vya nyumba," akasema Mtemi. "Mtoeni."

Wakati anatolewa, Bibi Nshoma akamwambia mwanawe, "Lubinza, nikifa atanizika nani?"

"Mama, nina askari elfu sita."

Bibi akamtazama mwanawe kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa kanzu kinyume. Kisha akamwita Mkejina. "Mtani wangu, usinisahau."

"Bibi, nitakuosha mpaka nyuma ya masikio!" akajibu Mkejina, huku askari wanamsukuma.

Mahindi yanaendelea? Haya, shikeni, maana sasa tunakwenda kwa kasi.

Haukupita mwezi, Bibi Nshoma akafa. Akafa usingizini, ametabasamu. Ikulu ikalia. Mtemi akalia kwelikweli, alimpenda mama yake, sitamsingizia. Kisha akafuta machozi akawaambia askari wake, "Chimbeni."

Askari hawakusogea.

"Nimesema chimbeni!"

Mkubwa wao akapiga goti. "Mtemi, ulituambia sisi ni ndugu zako, tumbo moja. Basi huyu ni mama yetu. Nani humu duniani anamchimbia mama yake mzazi kaburi? Ni mwiko. Mikono itakauka."

Mtemi akawaita Warungi, watu wa majembe. Wakaja na majembe, wakayaweka chini, wakakaa mkekani wakilia. "Mama yetu! Mama yetu!" Akawaita Wapogwa. Wakakaa mkekani wakilia. "Mama yetu!" Yakaja makabila kumi na nane, kila moja na kilio chake. Mikeka ikajaa ua mzima, wali ukaliwa, nyama ikaliwa, na jembe moja halikugusa ardhi.

Siku ya kwanza ikapita.

Siku ya pili jua likawa kali. Wakachoma ubani. Wakachoma mwingi zaidi. Mnanielewa, sitaki kueleza.

Siku hiyohiyo Mtemi akatuma mjumbe mwenye mbio kwa Wandimbo. Mjumbe akamkuta Mkejina amekaa mkekani, amejifunga kitambaa kichwani, anajipigapiga kifua.

"Mkejina, Mtemi anakuita ukachimbe."

"Ooo, mjumbe, siwezi! Nimefiwa!"

"Umefiwa na nani?"

"Na mama! Hukusikia? Mimi ni ndugu yake Mtemi. Mwambie ndugu yangu pole, tulie wote, kila mtu kwake."

Mjumbe akarudi mbio, akatoa jibu. Kasanda akasema, "Tupeleke mikuki, wataletwa." Lakini Mtemi akamnyamazisha. Mwili wa mama ulikuwa ndani, na mikuki haimwoshi mtu. Akatoka uani, akasimama juu ya kigoda cha mama yake, sauti imekauka. "Niliyosema barazani nayafuta. Sisi si tumbo moja. Utani urudi kama alivyouacha babu. Mama alimtaka Mkejina amwoshe, basi Mkejina aje. Namwomba aje."

Mjumbe akageuka akakimbia tena, maskini miguu yake! Na safari hii Mkejina hakukataa. Alimbeba Wewe mgongoni, maana homa ilikuwa imemrudia na hakuthubutu kumwacha, akachukua Wandimbo ishirini, yule shangazi akiwamo, wakakimbia. Njia ya siku tatu waliimaliza kwa siku moja na nusu. Waliingia ikulu wakiimba nyimbo za kejeli, majivu usoni, wamevaa nguo kinyume, mmoja anatembea kama Mtemi, magoti juu magoti juu! Watu waliokaa siku zote hizo wakilia wakaanza kucheka. Mkejina akampita Kasanda, akamvua kofia ya mbuni, akamvisha mbuzi.

Na Kasanda akafanya nini? Akatabasamu, meno yote nje. Utani umerudi, atafanya nini?

Wakamwosha Bibi Nshoma kwa heshima. Mkejina mwenyewe alimwosha nyuma ya masikio, akilia kimyakimya, maana ahadi ni ahadi. Kisha wakachimba. Wafinyanzi wanajua ardhi, hawakuchukua muda. Kaburi likawa tayari, refu, zuri, kuta zimenyooka. Wanne wakanyanyua mwili.

Hapo Mkejina akamkabidhi shangazi mtoto, akaruka. Chwaa! Ndani ya kaburi. Akalala chali, mikono chini ya kichwa.

"Aaah! Panapendeza humu. Mtemi, mimi sitoki."

Watu wote wakajua kinachofuata, maana ndiyo haki ya mtani. Mtani akiingia kaburini, hatoki mpaka apewe anachotaka. Wakikubaliana, mfiwa anapiga kiganja chini mara tatu, na kilichotolewa hivyo hakirudi. Anayekirudisha anamfukua mama yake.

"Nakupa ng'ombe kumi," akasema Mtemi.

"Nitawakamulia wapi humu? Sitoki."

"Nakupa nguo za hariri, mzigo mzima."

"Nifinyangie vyungu? Na udongo wenyewe wa huku mzuri, hebu ona." Akachota donge akalifinya, akatengeneza kijungu kidogo, akakiweka ukingoni. "Biashara imeanza. Sitoki."

"Nakufanya mkuu wa Wandimbo."

"Wanatosha wanaonichukia kwa mdomo wangu. Sitoki."

Jua linachoma. Mwili unangoja. Hapo Kasanda akamnong'oneza, na Mtemi akatikisa kichwa kukubali. Kasanda akainama ukingoni, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Mkejina, chukueni ngoma yenu. Si siku moja, moja kwa moja. Ya Wandimbo peke yao. Wengine wamekaa tu mkekani wakala wali, ninyi ndio mmefanya kazi. Mnastahili."

Jamani. Jamani, ngoma! Kitu alichotembelea safari tatu, kimewekwa mbele yake. Mkejina akakaa kitako kaburini. Juu, mgongoni kwa shangazi, Wewe alikuwa anakohoa. Alikitaka kile kitu.

Akainua macho. Akawaona Warungi wamesimama upande mmoja, wamekunja nyuso. Wapogwa upande mwingine, wanamtazama kwa jicho la pembeni. Makabila yote yanamtazama hivyo. Na Kasanda anatabasamu tena, safari hii kwa raha zake. Mkejina akaelewa. Leo angeondoka na ngoma yake, huku nyuma wengine kumi na nane wanamchukia. Kesho kutwa askari wangekuja kuichukua, na nani angetoka nyumbani kwake kumsaidia?

— Hakuna!

Hakuna. Basi akajilaza tena, akapiga mwayo mkubwa.

"Ngoma? Mimi nalala humu, ngoma itanipigia kelele. Tena humu kuna unyevu, mgongo unaniuma. Mtemi mtani wangu, nipe ubao wa kulalia, nimalize maneno."

"Ubao?" akasema Mtemi. "Ubao tu?"

"Ubao mzuri. Ule mwekundu. Nipe ule mlango wa Nyumba ya Ngoma."

Watu wakacheka! Mtemi naye, kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, akacheka. Mlango! Mwanamke amekataa ng'ombe, hariri na ukuu, amekubali mlango!

Kasanda hakucheka. Kasanda alifungua mdomo, akanyoosha mkono, "Mtemi, ngo..."

Pa! Kiganja chini. Pa! Mara ya pili. Pa! Mara ya tatu. Imekwisha.

"Leteni mlango," akasema Mtemi.

Wanaume wanne wakaung'oa, wakauleta wakihema. Mkejina akatoka kaburini akajipangusa. "Ushusheni chini. Haya, mwili." Na kabla Mtemi hajauliza, Wandimbo wakamlaza Bibi Nshoma juu ya ule mlango, vizuri, kichwa kwenye kitambaa.

"Mkejina!" akasema Mtemi. "Si ulisema ni wako?"

"Ni wangu. Nami nampa mtani wangu. Nikalale mimi kwenye mninga, na bibi alale kwenye tope?" Akatupa udongo wa kwanza. Wandimbo ishirini wakatupa wa kwao. Kaburi likajaa, likapigwa, likasawazishwa. Mlango uko chini, mama yake Mtemi juu yake.

Mkejina akamchukua mwanawe, akajifunga kanga vizuri, akaanza kutembea. Polepole. Kuelekea Nyumba ya Ngoma.

Walinzi wawili wamesimama pale, mikuki mkononi, nyuma yao tundu tupu la mraba. Mkejina akasimama. Hakupiga hodi. Angepiga wapi?

Mlinzi wa kulia akamtazama wa kushoto. "Tuliambiwa nini vile?"

"Tulinde mlango."

"Uko wapi?"

"Umezikwa."

"Ameufungua huyu?"

"Aufungue vipi, umezikwa."

Halafu yule wa kulia, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mrungi, aliyechukuliwa mdogo akafanywa askari, akaegemeza mkuki wake ukutani kwa adabu kabisa. Akaingia ndani yeye wa kwanza. Akatoka na ngoma ya Warungi kifuani, analia kama mtoto.

Basi! Nani angewashika tena? Watu waliinuka mikekani! Warungi wakakimbia, Wapogwa wakakimbia, makabila kumi na tisa yakakimbia, na mlangoni hapakuwa na mlango wa kuwasonga. Mpogwa akamsaidia Mndimbo kunyanyua. Mndimbo akamsaidia Mrungi kufunga kamba. "Nisamehe yale majina," Mpogwa mmoja akamwambia Mkejina, macho chini. "Shika hapa kwanza," Mkejina akamjibu, "tutagombana njiani."

Kasanda alimkimbilia Mtemi, kichwa wazi, kofia iko kwa mbuzi. "Toa amri! Askari wawachome!"

Mtemi alikuwa amekaa kando ya kaburi. "Damu kwenye kaburi la mama, siku ya maziko? Na askari gani, Kasanda? Tazama." Kasanda akatazama. Askari walikuwa kwenye foleni, kila mmoja akingoja ngoma ya kwao.

"Basi tuseme mlango haukutolewa!"

"Mfukue wewe," akasema Mtemi.

Kesho yake ngoma zililia nchi nzima. Zililia vilimani, zililia mabondeni, zililia nchi za mbali zilizomezwa juzi tu. Mtemi alipanda juu ya ukuta akangoja vita. Akangoja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vita havikuja. Watu walikuwa wanaombea mizinga, wanawasha matanuru, wanawapa watoto majina. Vyungu vililetwa siku yake, majembe yaliletwa siku yake. Ila sasa Mtemi akitaka zaidi, alituma mtu, na huyo mtu alipiga hodi kwenye milango ya wenyewe, akangoja nje mpaka aambiwe karibu.

Miezi ikapita. Ukuta ukawa mpweke. Siku moja Mtemi Lubinza akasafiri siku tatu mpaka kwa Wandimbo, na watu wachache, bila Kasanda. Akafika kwenye uwanja wa Mkejina, vyungu vimeanikwa kila mahali. Hodi, akasema. Karibu, akaambiwa.

"Mtani," akasema, "nasikia mtoto alipona."

"Alipona. Tulimpa jina, akapona. Au alipona ndipo tukampa, sijui, nililia sana sikuona vizuri."

"Mmemwita nani?"

Mkejina akageuka akaita kwa sauti ya kupasua vyungu. "Nshoma! Nshomaaa! Njoo, kuna mgeni wako!"

Akatoka ndani kabinti ka miaka minne, tope mpaka kwenye viwiko, kamenenepa shingo. Kakasimama mbele ya mtu mwenye miguu mirefu kuliko wote ulimwenguni, kakamkagua kuanzia magotini kwenda juu.

Na mnajua kwetu, mtoto akipewa jina la mama yako, huyo ni nani wako?
— Ni mama!
Hata kama ni Mndimbo?
— Ni mama!
Hata kama ana tope?
— Ni mama!

Mtemi wa Ugombera, mmeza nchi kumi na tisa, akapiga magoti yake ya korongo chini, mbele ya watu wote. Macho yalimjaa.

"Shikamoo, mama."

Nshoma akampangusa machozi kwa mkono uleule wa udongo, akampaka tope uso mzima.

"Marahaba. Umekula?"

Ngano yangu ilitaka kutoka, ikatafuta mlango.
— Haupo!
Uko wapi?
— Umezikwa!
Basi imepita yenyewe, imekwenda zake. Atakayekutana nayo njiani asiifungie ndani. Haya, leteni hayo mahindi niyaone, na aliyesahau kupukuchua, mimi ni mtani wake.